Shule Mbili za Wilaya Moja: Tuzipime kwa Mizani Gani?

Hakuna mzazi asiyemtakia mwanawe mema. Kwa sababu hiyo, kila mwaka yanapotangazwa matokeo ya mtihani wa darasa la saba, mazungumzo ya sokoni, ya barazani, na hata ya nje ya msikiti baada ya sala, hugeuka yakawa ya shule. Huyu husema, shule yetu imefaulisha watoto 80 katika kila 100. Yule hujibu, hiyo si kitu, shule ya mjini imefaulisha 95. Wa tatu hunyamaza, maana shule ya kijijini kwake imekuwa ya mwisho, naye huona haya kana kwamba ni yeye aliyeshindwa mtihani. Usiku ule, akirudi nyumbani, huanza kufanya shauri na mkewe juu ya kumpeleka mtoto kwa ndugu wa mjini, akasome huko.

Ndugu wasomaji, kulinganisha shule si kosa. Mwenye kununua nguo huzikagua mbili tatu kabla ya kutoa fedha yake, sembuse mwenye kuweka miaka saba ya umri wa mwanawe mikononi mwa watu wengine! Lakini dini yetu imetufundisha kwamba mwenye kupima hana budi kupima kwa uadilifu, na Mwenyezi Mungu amewakemea vikali wanaopunja vipimo. Sisi tumezoea kuyafahamu makemeo hayo kuwa ni ya wauza nafaka peke yao. Je, mwenye kupima shule na watoto kwa mizani mbovu, yeye hapunji? Hilo ndilo tunalotaka kulitazama katika makala haya, na mfano wetu tutautoa katika nchi ya Kagera, pande za Ngara na Biharamulo, ambako ndiko iliko Nyamahanga.

NCHI NA WATU WAKE

Wilaya mbili hizo zinapakana, nazo zamani zilikuwa katika Mkoa wa Ziwa Magharibi, ambao tangu mwaka 1979 umeitwa Kagera. Ngara ni nchi ya vilima na mabonde, nayo inapakana na Rwanda na Burundi. Mto Ruvuvu hupita huko ukaenda kuungana na Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo. Biharamulo ni nchi pana zaidi, yenye mapori, na kwayo hupita barabara kuu iendayo Rusumo, ikikutana huko Nyakanazi na ile iendayo Kigoma.

Wenyeji wa Ngara wengi husema Kihangaza na Kishubi. Biharamulo utasikia Kisubi, Kizinza, Kihaya na Kisukuma. Kiswahili hukijua karibu watu wote, lakini si kila mtoto amekinyonya pamoja na maziwa ya mama yake. Mtoto wa dereva au wa mfanyabiashara aliyezaliwa kando ya barabara kuu huingia darasa la kwanza akiwa tayari anasema Kiswahili. Mtoto wa mkulima wa nyuma ya kilima huingia darasa lile lile akiwa na lugha ya bibi yake, na kazi yake ya kwanza ni kumfahamu mwalimu anasema nini. Wote wawili, baada ya miaka saba, watapewa karatasi moja ya mtihani.

Tena kuna masafa. Katika nchi ya vilima, shule inayoonekana kwa macho kuwa iko karibu huenda ikawa mbali kwa miguu, kwa kuwa kati yake na nyumba kuna bonde na kijito. Mvua zikinyesha kijito hujaa. Na miezi ya mvua ndiyo miezi ya kulima na kupanda, ambayo mkono wa mtoto hutafutwa shambani kama unavyotafutwa wa mtu mzima. Kwa hiyo shule ya bondeni hukosa watoto wakati ambapo shule ya mjini imejaa.

Twayasema haya mwanzo ili msomaji afahamu kwamba shule mbili zinaweza kuwa na mwajiri mmoja, muhtasari mmoja wa masomo na ofisi moja ya elimu ya wilaya, lakini zikawa zimeanza safari mahali pawili.

JINSI TOFAUTI ZILIVYOZALIWA

Tofauti za shule zetu hazikuanza jana. Tangu miaka ya 1920 serikali ya Waingereza iliwapa wamisionari ruzuku za kuendesha shule, na katika nchi za mbali na pwani shule nyingi zilikuwa za misheni. Wamisionari walifanya kazi kubwa ya kufundisha, wala haki haituruhusu kuikana. Lakini Waislamu wengi wa nchi hizo waliogopa kwamba mtoto akienda huko atapoteza dini yake, wakamwacha katika chuo cha Kurani peke yake. Matokeo yake ni kwamba kijiji kilichokuwa karibu na misheni kilipata walimu na makarani mapema, na kijiji cha jirani kikabaki nyuma kwa umri wa mtu mzima mmoja au zaidi.

Baada ya Uhuru, sheria ya elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule zile za misheni chini ya serikali, zikawa za watoto wa dini zote. Novemba 1974 lilitoka Azimio la Musoma, ambalo lilitaka kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe amepata nafasi ifikapo mwaka 1977. Vijiji vikafyatua matofali, vikajenga. Watoto wakaingia kwa wingi usiopata kuonekana, hata walimu wakapungua, ikabidi vijana wengi wafundishwe ualimu huku wanafundisha. Shule nyingi za vijijini tunazoziona leo zilizaliwa wakati ule wa haraka, na baadhi yao bado zina alama za haraka ile katika kuta zake.

Baadaye ada ilirudishwa, na maskini wakapungua madarasani. Mwaka 2001 ada ya shule za msingi ilifutwa, ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ambao watu waliuita MMEM. Idadi ya wanafunzi nchini ilipanda kutoka chini ya milioni 5 mwaka 2001 hadi zaidi ya milioni 7 mwaka 2005. Kisha, kuanzia Januari 2016, serikali ilikataza michango ya lazima, ikatangaza elimu bila malipo, na darasa la kwanza likafurika tena.

Kila mara mlango ulipofunguliwa, shule zilizokuwa na walimu na vyumba ziliwapokea wageni zikiwa na pa kuwaweka. Zile zilizokuwa dhaifu ziliwapokea chini ya mti. Kwa hiyo neema ile ile iliyowafikia wote haikuwakuta wote katika hali moja.

RANGI TATU, NA MTOTO ALIYEFICHWA

Mwaka 2013 serikali ilianzisha mpango ulioitwa Matokeo Makubwa Sasa. Moja ya mambo yake katika elimu lilikuwa ni kuzipanga shule zote kwa matokeo ya mtihani na kuzitia rangi tatu: kijani kwa zilizofanya vizuri, manjano kwa za katikati, na nyekundu kwa zilizofanya vibaya. Kila shule ikajua nafasi yake katika nchi nzima na nafasi yake katika wilaya yake. Mwalimu mkuu wa Ngara au wa Biharamulo aliweza kuona, bila kuuliza mtu, ni shule gani za jirani zilizomtangulia na zipi zilizo nyuma yake.

Shabaha ilikuwa njema. Aliyeonekana na watu kuwa wa mwisho ataona haya, na mwenye kuona haya atafanya bidii. Je, ilikuwa hivyo? Wataalamu watatu, Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin, walizichunguza hesabu za shule za serikali za Tanzania kwa miaka ya 2011 hadi 2016, na utafiti wao ukachapishwa. Waliyoyaona ni mawili, nayo yote mawili yafaa kukumbukwa pamoja.

La kwanza, shule zilizokuwa mkiani katika wilaya zao, yaani zile za mafungu mawili ya chini kama wilaya ikigawanywa mafungu kumi, zilipandisha kweli kiwango cha kufaulu. Kwa hiyo kutazamwa kuliwasaidia baadhi ya walimu kuamka.

La pili ni chungu. Shule zile ziliwapunguza pia watoto katika darasa la mwisho. Yaani wale waliodhaniwa kuwa wataangusha hesabu ya shule waliwekwa kando wasifike katika chumba cha mtihani.

Ndugu msomaji, tusilipite jambo hili mbio mbio. Mtoto aliyewekwa kando hakuhesabiwa kuwa ameanguka, maana hakufanya mtihani. Hakuhesabiwa kuwa amefaulu. Katika orodha iliyobandikwa ukutani hakuwapo kabisa. Aliambiwa arudie darasa mwaka mmoja zaidi, au alionyeshwa kwa maneno na kwa vitendo kwamba kuwapo kwake ni hasara, hata akaacha mwenyewe. Na watoto wa namna hii ni wa nani? Aghalabu ni wale waliokuwa wakikosa shule kwa kulima, wale wenye macho mabovu wasiokuwa na miwani, yatima alelewaye na bibi, na binti ambaye kazi za nyumbani zimemwacha bila saa ya kudurusu. Shule ilipanda daraja, na mnyonge ndiye aliyefanywa ngazi.

HESABU AMBAYO KILA MZAZI AWEZA KUIFANYA

Tutoe mfano wa kubuni, ili jambo lenyewe lionekane wazi. Chukua shule mbili za wilaya moja. Kila moja iliandikisha watoto 100 katika darasa la kwanza.

Shule ya kwanza ilipoteza watoto 30 njiani. Waliobaki 70 walipofika mwisho, 20 walirudishwa nyuma ili wasiharibu matokeo. Watoto 50 wakafanya mtihani, wakafaulu 45. Katika orodha, shule hii itaandikwa kuwa imefaulisha 90 katika kila 100, na wazee wake watatembea kifua mbele.

Shule ya pili iliwashikilia watoto wake. Ilipoteza 10 tu, na wote 90 waliobaki ikawapeleka kwenye mtihani, hodari na wasio hodari. Wakafaulu 63. Katika orodha, shule hii itaandikwa kuwa imefaulisha 70 katika kila 100, na watu wataicheka.

Sasa rudi kwenye mlango wa darasa la kwanza. Katika watoto 100 walioingia shule ya kwanza, waliofika na kufaulu ni 45. Katika watoto 100 walioingia shule ya pili, waliofika na kufaulu ni 63. Iliyochekwa ndiyo iliyofanya kazi kubwa, na iliyosifiwa ilizidiwa kwa watoto 18. Ikiwa wewe ni mzazi usiyejua kama mwanao atakuwa katika hodari au katika wasio hodari, shule ipi ndiyo ya kumkabidhi?

Kwa uadilifu tuongeze kwamba si kila mtoto asiyeonekana amepotea. Wengine huhama pamoja na wazazi wao, hasa katika nchi kama Biharamulo yenye watu waliokuja kutafuta mashamba na malisho. Kwa hiyo mwenye kuuliza aulize na hilo: waliohama ni wangapi, na walioacha ni wangapi.

KUFICHA NAKO SI DAWA

Mwanzoni mwa mwaka 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha desturi ya kutangaza shule bora na wanafunzi bora. Jirani zetu wa Kenya nao, mwaka 2014, serikali yao ilikataza kuzipanga shule kwa nafasi. Wapo waliofurahi, wakasema kwamba sasa ushindani usio na huruma umekwisha.

Lakini tusidhani kwamba kuvunja kioo kunaondoa doa la uso. Katika nchi ya Wales, iliyo sehemu ya ufalme wa Uingereza, kutangaza orodha za shule kuliachwa mwaka 2001, huku England ikiendelea. Wachunguzi walipozilinganisha nchi hizo mbili baadaye waliona kwamba shule za Wales zilirudi nyuma kidogo, na zilizoumia zaidi zilikuwa zile zilizokuwa dhaifu tangu mwanzo. Mwenye mali aweza kupeleleza kwa njia zake mwenyewe na kujua shule njema iko wapi. Maskini, habari zikifichwa, ndiye anayebaki gizani.

Basi kilicho kibaya si kupima. Kibaya ni kupima kitu kimoja na kukifanya kuwa ndicho kila kitu. Hata mtihani wenyewe, uliotahiniwa kwa uaminifu, una mipaka yake. Mwaka 2012 ilielezwa Bungeni kwamba wanafunzi zaidi ya 5,000 waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza walikutwa hawajui kusoma na kuandika. Walikuwa wamefaulu! Mzazi aliyetegemea karatasi ya matokeo peke yake alidanganyika, na mwenye kumsikiliza mwanawe akisoma nusu ukurasa kila juma asingedanganyika.

MAMBO MATANO YA KUTIA KATIKA MIZANI

Kwa hiyo, mzazi wa Nyamahanga au wa mahali popote anayetaka kulinganisha shule mbili na atazame mambo haya matano kabla ya kutoa hukumu.

Kwanza, walimu na vyumba. Kipimo cha serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na chumba kimoja kwa wanafunzi 45. Tundu moja la choo ni kwa wasichana 20 au kwa wavulana 25. Mtu aweza kuhesabu mwenyewe bila kuwa mtaalamu. Ukikuta shule ya kando ya barabara ina mwalimu mmoja kwa watoto 40, na shule ya nyuma ya kilima ina mwalimu mmoja kwa watoto 100, tena wilaya ni ile ile, usiseme kwamba watoto wa kilimani ni wajinga. Sema kwamba walimu hawakugawanywa sawasawa. Na sababu zake zajulikana: mwalimu hutafuta nyumba ya kukaa, zahanati, maji, na njia ya kumfikisha kwa mumewe au mkewe. Kijiji kilichojenga nyumba ya mwalimu, ikawa imara, kina nafasi kubwa zaidi ya kumpata na kumweka.

Pili, kusoma, kuandika na kuhesabu. Tazama darasa la pili na la tatu, usingoje la saba. Mtoto asiyesoma sentensi akiwa darasa la tatu hatafahamu sayansi akiwa la tano, kwa kuwa maneno ya kitabu yote kwake ni picha tu. Shule njema ni ile inayompa darasa la kwanza mwalimu wake mzuri, si ile inayowarundika walimu wote hodari katika darasa la mtihani.

Tatu, walioingia na waliotoka. Hiyo ndiyo hesabu tuliyoieleza hapo juu. Na uulize habari za wasichana peke yao. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wanafunzi walioacha shule, pamoja na wasichana waliopata uzazi, kurudi masomoni. Uliza kama shule ile imempokea hata mmoja.

Nne, mahudhurio na chakula. Mtoto aliyetembea tangu alfajiri, asile kitu mpaka jioni, hata akifundishwa na mwalimu bora hatashika. Uji wa shule hutoka kwa wazazi. Ambapo wazazi wametoa mahindi na maharage kidogo kidogo wakati wa mavuno, watoto huonekana shuleni hata mchana. Ambapo kila mmoja amengoja mwenziwe aanze, madarasa ya mchana hubaki nusu.

Tano, fedha na kamati. Elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016, ruzuku ya kila mwanafunzi wa shule ya msingi ilihesabiwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwaka. Katika hizo, 6,000 zilikuwa za kupelekwa shuleni, na 4,000 za vitabu. Tazama sasa: shule yenye watoto 1,000 kwa hesabu hiyo hupata shilingi 6,000,000 kwa mwaka, na shule ndogo ya watoto 200 hupata 1,200,000, ndiyo kusema 100,000 kwa mwezi. Lakini zote mbili zinanunua chaki, zinatengeneza kufuli lililovunjika na kuchapa mitihani. Shule ndogo ya bondeni hubanwa zaidi, na lawama hupata nyingi zaidi. Kamati ya shule ina wazazi ndani yake, nayo ndiyo mahali pa kuulizia ruzuku imefika lini na imetumika vipi. Uliza kwa adabu, katika mkutano, mbele ya watu. Swali la adabu si ugomvi.

Mwenye kuyatia mambo haya matano katika mizani, kisha akatazama matokeo ya mtihani, atayaona matokeo kwa jicho jingine. Ataona ipi imefanya vizuri kwa sababu imepewa, na ipi imefanya vizuri ingawa haikupewa. Hii ya pili ndiyo ya kwenda kujifunza kwake.

JE, TUMHAMISHE MTOTO?

Turudi kwa yule mzazi tuliyemwacha usiku ule akifanya shauri na mkewe. Hatutamwambia asimhamishe mtoto. Pengine shule ya kijijini kweli haina mwalimu, na ndugu wa mjini ni mwema. Lakini ajiulize maswali matatu kwanza. Mtoto atakaa kwa nani, na huyo ataangalia daftari lake na sala zake, au atamfanya mtumishi wa kuchota maji na kuuza maandazi? Shule anayomkimbilia imesifiwa kwa kazi yake, au kwa kuchuja watoto? Je, mwanawe akionekana mzito kidogo, hatakuwa yeye wa kuchujwa?

Na liko swali la nne, ambalo ni letu sote. Wazazi wenye uwezo na wenye kusema wakiwahamisha watoto wao, ni nani atakayebaki katika mkutano wa shule kudai mwalimu? Shule ya kijiji hufa pole pole namna hiyo: kwanza huondoka watoto wa wenye sauti, kisha sauti yenyewe. Watoto wa majirani maskini hubaki na shule isiyo na mtetezi, na ujirani katika dini yetu una haki nzito.

Kwa upande wetu Waislamu kuna jambo jingine. Wako wazee ambao hudhani kwamba chuo na shule ni kama ngamia wawili katika mlango mmoja, hawana budi kusukumana. Si lazima iwe hivyo. Shule za serikali zina kipindi cha dini, lakini mara nyingi hakina mwalimu isipokuwa ajitolee mtu. Kijana aliyehitimu madrasa, akatenga saa mbili kwa juma kwenda kufundisha shuleni, ataijua shule ile kwa ndani kuliko mzazi yeyote. Na ustadhi wa chuo aweza kuzungumza na mwalimu mkuu wakapatana saa, ili mtoto asichapwe huku kwa kuchelewa alikotoka kule. Tena mtoto aliyezoea kukaa na msahafu na kufuatisha herufi kwa kidole tayari ana subira ya kusoma. Shule ikiijenga juu ya msingi huo, faida ni ya pande zote.

NENO KWA VIJANA

Nanyi vijana mliosoma katika shule hizo za vilimani, mkavuka, mkafika sekondari na vyuo, msiwe wa kwanza kuzicheka. Matokeo ya kila shule hutangazwa na Baraza la Mitihani, na ninyi mnazo simu na mnajua kuzitumia. Kaeni na wazee wenu siku moja, mwasomee hesabu za shule yao, mwaonyeshe walioandikishwa na waliofanya mtihani. Mzee asiyejua kusoma ana haki ya kujua kama aliyejifunza.

Mpango wa elimu nao unabadilika. Kwa sera iliyohaririwa mwaka 2023, shule ya msingi itakuwa ya miaka sita badala ya saba, na elimu ya lazima itakuwa ya miaka kumi. Mitihani itabadilika jina na sura, na orodha huenda zikarudi au zisirudi. Lakini mtoto wa Nyamahanga atakuwa yule yule, na njia yake ya kupanda kilima asubuhi itakuwa ile ile.

Kwa hiyo tunapolinganisha shule, tusiishie kuuliza ni ipi iliyo ya kwanza. Tuulize: ni wangapi walioingia, ni wangapi waliotoka wakiwa wanajua kusoma, na wale ambao hawakutoka wako wapi? Ofisi ya elimu ya wilaya na iulize hivyo kabla ya kumsifu mwalimu mkuu au kumkemea. Kamati ya shule na iulize hivyo kabla ya kusherehekea. Na mzazi na aulize hivyo kabla ya kumfunga mtoto mzigo wa safari. Mizani ikiwa sawa, shule dhaifu itajulikana ili isaidiwe, na shule yenye bidii itapata heshima yake, hata kama iko nyuma ya kilima.

Mwenyezi Mungu atujaalie kupima kwa haki, na awafungulie watoto wetu milango ya elimu yenye manufaa. Amin.